Ana Kumi za Husein Khan: Safari ya Kuzifuata Barua za Mbu

Ijumaa, Muheza

Baba yangu alikuwa mtega mbu. Watu wa mjini nikiwaambia hivyo hudhani natania, lakini wenyeji wa Muheza na vijiji vya chini ya Amani wanaijua kazi hiyo. Giza likiingia alikwenda kwenye nyumba aliyopangiwa, akakunja suruali mpaka magotini, akaketi kwenye kigoda akangoja. Mbu akitua mguuni, kabla hajadunga, baba alimmulika kwa tochi, akamvuta kwa mrija wa kioo wenye mpira wa kunyonyea, kisha akampulizia kwenye kikombe cha karatasi kilichofungwa kipande cha chandarua juu. Kila saa ilikuwa na kikombe chake. Alfajiri vikombe vilikwenda maabara, yeye akaja nyumbani kulala. Wakati mwingine mbu alimwahi, ndiyo maana vidonge vya klorokwini havikukosekana kabatini kwetu. Na nadhani ndiyo maana mimi nikaishia kuwa fundi sanifu wa maabara. Mwaka wa 22 huu nasoma slaidi za damu.

Kesho nasafiri. Binti wa dada yangu anasoma London, amenialika nikae naye wiki moja. Likizo yangu nimeiombea jambo moja tu: nikazione kwa macho yangu barua ambazo madaktari Ronald Ross na Patrick Manson waliandikiana tangu 1895 hadi 1899, wakianza wakati ambapo hakuna daktari aliyekuwa na uhakika malaria humwingiaje mtu. Barua hizo, zaidi ya 100, nyingi zimehifadhiwa katika chuo cha afya na tiba ya nchi za joto cha London, London School of Hygiene and Tropical Medicine. Niliandika maombi tangu Juni, nikapewa siku nne.

Mama alipoona nafunga begi aliniuliza, "Unapanda ndege kwenda kusoma barua za marehemu wasiokuhusu?"

Nikamwambia wananihusu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nisisahau sweta.

Jumapili, London

Basi mpaka Dar, ndege mbili, miguu ikavimba. Binti alinipokea kwa "Shikamoo mama mdogo" ya sauti kubwa, watu wakageuka. Nilipumua.

Anakaa mashariki ya mji, karibu na bandari ya zamani ya Royal Albert. Jioni nikamwomba tutembee huko. Maji yametulia, hakuna meli za mizigo tena, na pembeni yake ndege ndogo zinatua uwanja wa City. Mwaka 1899 mahali hapa palikuwa na hospitali ya mabaharia. Meli zilitoka India, Uchina na Afrika zikishusha chai, jute na watu wenye homa. Manson alichagua hapa kuwa mahali pa kufundishia madaktari waliokuwa wakipelekwa kwenye makoloni, na mwezi Oktoba mwaka huo masomo yakaanza. Chuo ninachokwenda kesho kilizaliwa hapa, kando ya gati.

Binti aliniuliza kama nimechoka. Nilikuwa nimechoka, lakini nilisimama pale mpaka taa zikawashwa.

Jumatatu, Keppel Street

Kabla ya kuingia, inua macho. Jengo la Keppel Street, lililofunguliwa 1929, lina vizuizi vya roshani vilivyopambwa wadudu na wanyama wa rangi ya dhahabu: mbu, kiroboto, chawa, kunguni, kupe, mbung'o, panya, nyoka. Nilimtazama yule mbu kwa muda mrefu. Hao ni wadudu wetu. Nimewahi kumwona mbung'o akiuawa kwa ndala, sijawahi kumwona amepakwa dhahabu.

Juu zaidi yamechongwa majina. Wanaume 23 tangu mwanzo, kina Manson, Ross, Laveran, Koch na Pasteur, na mwaka 2019 yakaongezwa majina ya wanawake watatu: Marie Skłodowska-Curie, Florence Nightingale na Alice Ball, yule binti wa Kimarekani mweusi aliyepata njia ya kuyafanya mafuta ya mti yawe sindano ya kutibu ukoma. Miaka 90 ukuta ulisimama bila mwanamke. Basi kumbe ukuta wa mawe nao unaweza kuongezewa jina.

Ndani, mhifadhi nyaraka alinieleza utaratibu. Begi nje, kalamu ya wino nje, chai nje. Penseli tu. Boksi moja kwa wakati mmoja, faili moja mezani, karatasi zibaki kwa mpangilio wake. Alinipa penseli, kwa sababu mimi nilikuwa na kalamu tatu za wino na penseli sikuwa nayo hata moja.

Ross hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Barua alizopokea, nakala za alizotuma, simu za maandishi, vipande vya magazeti, hesabu, michoro. Alizaliwa India mwaka 1857, akawa daktari wa jeshi huko, akatunukiwa Nobel ya tiba mwaka 1902, na bado aliishi akiamini hakulipwa kwa kazi yake. Aliwahi kuiomba serikali imtendee kama Bunge lilivyomtendea Jenner wa chanjo ya ndui, aliyepewa maelfu ya pauni, hakupewa. Mwaka 1928, mzee na mgonjwa, akatangaza kuziuza karatasi zake, akihofia maisha ya mkewe. Mama mmoja tajiri, Lady Houston, akazinunua kwa pauni 2,000. Ndiyo maana leo zipo mezani hapa, na sehemu nyingine ipo Glasgow.

Nilisikitika kusoma hayo. Mtu aliyejua mbu anabeba nini auze barua zake ili mjane wake asihangaike. Lakini pia niliwaza: yeye angalau alikuwa na cha kuuza.

Leo sikusoma sana. Mwandiko wa kuunganisha wa karne ile unataka kuzoewa, kama slaidi iliyopakwa damu nzito. Mpaka saa kumi nilikuwa nimepata kurasa sita tu.

Jumanne

Jicho limezoea. Leo nilikuwa na mwaka 1895.

Ili kuzielewa barua hizi lazima kwanza umjue Manson. Alikuwa Mskoti aliyefanya kazi miaka mingi pwani ya Uchina. Huko Amoy, mwaka 1877, aligundua kwamba minyoo midogo ya damu, ile inayoleta matende na mabusha, humwingia mbu anayemuuma mgonjwa na kukua ndani yake. Mgonjwa aliyeumwa na mbu hao alikuwa mtunza bustani wake, Hin Lo, ambaye damu yake ilijaa minyoo hiyo. Sisi wa Tanga matende na mabusha hatuhitaji kusimuliwa, tunayaona kwenye foleni. Ugunduzi wa kwanza wa ugonjwa wa binadamu kukua ndani ya mdudu ulikuwa ugunduzi wa ugonjwa wetu, na ulipita kwenye damu ya mtunza bustani.

Mwaka 1894 Ross alikuja likizo London, akamtembelea Manson nyumbani kwake Queen Anne Street. Ross alikuwa haamini kwamba vimelea vya malaria vipo, ingawa daktari Mfaransa, Laveran, alishaviona Algeria tangu 1880. Manson akamwekea hadubini na kumwonyesha. Kisha akamweleza wazo lake: kama mbu anabeba minyoo ya matende, huenda ndiye anayebeba malaria pia. Machi 1895 Ross akapanda meli kurudi India akiwa na wazo hilo kichwani, na tangu hapo barua hazikukoma. Meli za posta zilipita Suez, kwa hiyo swali likiulizwa Secunderabad, jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Wakati huo Ross alikuwa ameshakosea mara kumi na kusahihisha mara tisa.

Kilichonigusa ni kwamba mwalimu mwenyewe alikosea, na kosa lake lilimgharimu mwanafunzi miaka. Manson alifikiri mbu jike akishanywa damu mara moja huenda kutaga na kufia majini, na kwamba mtu hupata malaria kwa kuyanywa maji yale. Ross akajaribu. Alichukua maji walimofia mbu walionywa damu ya mgonjwa, akamnywesha kijana mzima wa miaka 20 aitwaye Lutchman, kwa ridhaa na malipo. Siku ya 11 Lutchman akapata homa, ikadumu siku tatu, ikaisha yenyewe. Wengine walionywa hawakupata kitu cha maana. Wazo lile likafifia taratibu.

Nilisimamisha penseli. Leo mimi kabla ya kumchoma mtu kidole kwa ajili ya utafiti namsomea fomu ya ridhaa kurasa nne, anaweka sahihi au dole gumba, na shahidi anaweka lake. Lutchman aliambiwa nini hasa, kwa lugha gani? Katika karatasi nilizofungua leo jibu la swali hilo halimo. Limo jina lake, umri wake, na joto la mwili wake. Na mimi nashukuru kwamba hata hilo jina limo.

Jioni binti alipika wali na maharage ya nazi ya kopo. Nilikula kimya, akadhani hayajaiva.

Jumatano

Leo ndiyo siku niliyoijia.

Agosti 1897, Begumpet, Secunderabad. Ross ameshachana mamia ya mbu bila kuona chochote, kwa sababu alikuwa akitumia mbu wasiohusika, wale wa kijivu na wale wa madoa meupe miguuni. Joto kali. Pangaboi haliwezi kuvutwa, maana upepo wake ungepeperusha mbu waliochanwa. Jasho la paji la uso na mikono limetia kutu skrubu za hadubini, na lenzi ya juu iliyobaki ina ufa. Hapo wasaidizi wake wakamletea viluwiluwi vya aina nyingine. Walipotoka mbu, walikuwa wa kahawia, mabawa yana madoa. Wenzangu wa maabara mmeshawatambua: Anofelesi, mbu wa malaria.

Hospitalini alikuwepo mgonjwa aitwaye Husein Khan, damu yake imejaa zile mbegu za malaria zenye umbo la mwezi mwandamo ambazo kila msoma slaidi anazijua. Tarehe 16 Agosti akalazwa ndani ya chandarua, mbu wale wakaachiwa humo. Mapatano yalikuwa ana moja, sarafu ndogo ya India, kwa kila mbu atakayemuuma. Wakamuuma mbu 10. Akalipwa ana 10.

Ana 16 hufanya rupia moja. Bibi yangu, aliyekuwa mtoto zama za Mjerumani, alituhadithia habari za rupia na pesa, kwa hiyo hesabu hii niliielewa bila kuuliza: Husein Khan hakufikisha rupia.

Mbu wengine walikufa, wengine walichanwa mapema bila matokeo. Tarehe 20 akachana mmoja aliyebaki. Alipita utumbo wote, hamna. Alipofika kwenye ukuta wa tumbo akaona chembe ya mviringo isiyo ya kawaida ya mbu, na ndani yake punje nyeusi. Niache nieleze hapa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kimelea cha malaria kinapokula damu huacha mabaki meusi, na mabaki hayo hayafanani na kitu kingine. Mimi nayaona kila siku. Hata kimelea chenyewe kikijificha, weusi wake unakisaliti. Ross akaona weusi ule ule aliouzoea kwenye damu ya watu, safari hii ndani ya mwili wa mbu. Kesho yake, tarehe 21, akamchana wa mwisho. Chembe zilikuwepo na zilikuwa kubwa zaidi. Zilikuwa zinakua.

Mbu wawili tu. Wangemponyoka hao wawili, angeanza upya.

Michoro imo humu, viduara na nukta nyeusi vilivyochorwa kwa mkono. Wino umegeuka kahawia. Nilipoona nukta zile kwenye karatasi nilishika mdomo. Mhifadhi akanitazama, nikatikisa kichwa kumwonyesha kuwa sina tatizo. Nilikuwa natokwa machozi na niliogopa yasidondokee karatasi, nikasogeza kiti nyuma.

Ross alimtumia Manson vipande vyenyewe vya matumbo ya mbu avikague London, na tarehe 18 Desemba habari ikachapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza. Usiku wa ugunduzi alimtungia mkewe beti za kumshukuru Mungu. Husein Khan hakuandikiwa beti. Katika faili nilizofunguliwa nimelikuta jina lake, ugonjwa wake na malipo yake. Sikukuta kijiji chake, wala alikotoka, wala kama alipona.

Baba naye alilipwa posho ya usiku. Alikuwa akiiweka mezani asubuhi, mama anaihesabu, halafu anakwenda kununua unga. Sikuwahi kumuuliza baba kwa mbu mmoja ilikuwa inatoka ngapi.

Alhamisi

Siku ya mwisho Keppel Street, na kwangu ndiyo iliyokuwa na utajiri kuliko zote, ingawa wanaosimulia historia hii huipita mbio.

Mwezi mmoja baada ya kuona chembe zile, Ross alihamishiwa Kherwara, mbali, mahali ambapo malaria ilikuwa haba. Barua za kipindi hicho zinaungua kwa hasira. Manson akahangaika ofisi kwa ofisi, na Februari 1898 Ross akapelekwa Calcutta kufanya utafiti. Huko akakuta kikwazo kipya. Tauni ilikuwa imeingia India, serikali inachanja watu, na mitaani uvumi umeenea. Daktari akionekana na sindano, watu wanakimbia. Hakupata wagonjwa wa kuchoma vidole.

Niliposoma hapo nilicheka kidogo kwa uchungu, nikamkumbuka baba. Kuna vijiji aliitwa mumiani. Mtu anayekuja usiku na mrija na vikombe, anasemekana kukusanya damu kwa ajili ya Wazungu, wewe ungesemaje? Siku moja alirudi nyumbani saa tano usiku, shati limechanika begani, vikombe vyote vimemwagika njiani. Hakugombana na mtu. Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaomba wazee waje wakae naye usiku kucha waone anachofanya. Wakaja watatu. Baada ya hapo hakusumbuliwa. Mimi huwaambia vijana wa kazini kwetu kwamba ile ndiyo ilikuwa elimu kwa jamii, kabla haijapewa bajeti.

Ross yeye aligeukia ndege. Shomoro na kunguru wana malaria yao, na ndege hawasikii uvumi. Akatafuta wasaidizi, wakaja wengi, akabaki na wawili: Purboona, aliyeondoka baada ya mshahara wa kwanza, na Mahomed Bux, aliyebaki. Huyu Mahomed Bux alikamata mbu, alifuga mbu, alishika ndege, alilala maabara. Kazi yote ya Calcutta ilipitia mikononi mwake. Julai 1898 Ross akavifuata vimelea kutoka tumboni mwa mbu mpaka kwenye tezi za mate, na mbu hao wakawauma shomoro wazima, shomoro wakaugua. Njia yote ikawa wazi: hakuna maji ya kunywa, ni mdomo wa mbu. Simu ya maandishi ikapigwa, na Manson akaitangaza habari hiyo mwezi huo huo kwenye mkutano wa madaktari Edinburgh.

Nimenakili kila mahali nilipolikuta jina la Mahomed Bux. Tahajia haifanani kila mara. Lilikuwa likiandikwa kama lilivyosikika. Na slaidi zetu za zamani ndivyo zilivyoandikwa, majina ya Kisambaa na Kibondei yameandikwa na wageni wasiojua wapi pa kuweka herufi.

Jambo moja zaidi kabla sijarudisha boksi. Mwaka 1900, ili asibaki mtu mwenye shaka, Manson aliagiza mbu kutoka Roma walionyweshwa damu ya mgonjwa wa malaria, wakasafirishwa wakiwa hai hadi London, akawaruhusu wamuume mwanawe wa kumzaa, Patrick Thurburn Manson. Septemba kijana akalala na homa, vimelea vikaonekana kwenye damu yake, akapewa kwinini. Joto lake na saa zake za kutetemeka vikachapishwa kwa jina lake kamili. Ninamheshimu baba aliyemtoa mwanawe. Tena ninajua tofauti: mtoto wa profesa aliumwa na mbu mara chache, dunia ikasoma habari zake. Baba yangu alikaa kwenye kigoda miaka 14.

Nilipoaga, mhifadhi alikataa kupokea penseli. Akasema nibaki nayo.

Ijumaa, Glasgow

Treni ya alfajiri kutoka Euston. Binti alinifungashia maandazi aliyoyapika mwenyewe, magumu, nikala yote.

Safari ndefu kuelekea kaskazini, kondoo na ukungu. Nilitumia muda huo kuandika kisa cha Koch, maana nilikuwa naogopa kukisahau. Wakati Ross anachana mbu India, Robert Koch wa Ujerumani alikuja Afrika Mashariki, 1897 hadi 1898, akafika mpaka milima ya Usambara, kwetu. Akaandika kwamba watu wa milimani, ambako homa ilikuwa haba, walijua kuwa wakishuka nyikani wanarudi wagonjwa. Akawauliza ugonjwa huo unaitwaje. Wakamjibu: mbu. Kwa nini? Kwa sababu huko chini kuna wadudu waitwao mbu, wanauma watu. Mdudu na homa vilikuwa na jina moja. Waliyasema hayo kwa mgeni aliyekuwa na hadubini, naye kwa heshima aliyaandika. Kati ya yote niliyojifunza katika miaka ya kazi hii, hilo ndilo ninalowasimulia wanafunzi wa mazoezi siku ya kwanza.

Chuo cha matabibu cha Glasgow kiko St Vincent Street, na humo imo sehemu nyingine ya karatasi za Ross. Hizi ni za baadaye, za ugomvi. Battista Grassi wa Italia, pamoja na Bignami na Bastianelli, ndio walioonyesha mwaka 1898 njia yote ya malaria ya binadamu ndani ya Anofelesi. Ross alikuwa ameikamilisha kwa ndege. Nani wa kwanza? Ross alimwita Grassi mwizi, Grassi naye hakunyamaza, Koch akasimama na Ross, na Nobel ikaenda kwa Ross peke yake. Hakuridhika. Mwaka 1912 hata yeye na Manson walifikishana kwa wanasheria, chanzo kikiwa barua.

Nilisoma saa tatu, nikarudisha faili kabla ya muda wangu kwisha. Wale wawili waliandikiana miaka minne kama mzee na kijana wake, mmoja akimtia moyo mwenzake kila anapokata tamaa. Sikutaka kuondoka nimeijaza akili kwa barua za mawakili. Sifa yenyewe waliyoigombania ilikuwa nusu yake ya watu waliolala ndani ya chandarua, na hakuna hata mmoja kati ya mabwana wale aliyewataja katika ugomvi huo, kwa zile nilizosoma.

Treni ya usiku kurudi London. Nililala mpaka mwisho.

Jumamosi

Zawadi, mizigo, kumuaga binti. Alilia uwanjani. Alisema, "Mama mdogo, babu alikuwa anafanya kazi hiyo kweli? Mbona mama hajawahi kuniambia?" Nikamwambia ni kosa langu pia.

Jumatatu, Muheza

Nimefika saa nane mchana, vumbi na harufu ya machungwa sokoni. Mama alikuwa uani anachambua mchele.

Nikamweleza habari za Husein Khan na ana zake 10. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso kutoka kwenye ungo. Kisha akasema, "Mtu wa watu. Hata hawakumuuliza kwao?"

Nikaingia ndani, nikachukua daftari na ile penseli, nikarudi nikakaa kwenye mkeka karibu naye. Nikamuuliza: wale waliokuwa wakikaa zamu moja na baba, walikuwa kina nani?

Alianza taratibu. Wa kwanza, jina lake, jina la baba yake, kijiji. Wa pili alikuwa mcheshi, alikuwa akiimba ili asisinzie. Wa tatu alihamia Korogwe. Nikaandika kila jina na mahali alipotoka, na pale nilipokuwa na shaka na herufi nikamtamkia mama arudie. Yakatimia majina sita. Akanyamaza, akapepeta mchele, akatazama barabarani.

"Walikuwa saba," akasema. "Huyo wa saba Mdigo, wa huko Maramba, mrefu. Jina limenitoka. Usifunge daftari. Kesho asubuhi twende kwa mjane wa yule mcheshi, yeye atakuwa analijua."